Nimnunulie mwanangu mashine ya gemu au nisubiri?

Swali: Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike ana miaka 13. Yule mdogo ananisumbua kila siku nimnunulie PlayStation. Baba yao hana neno, anasema wenzake wote wanazo na yeye mwenyewe angependa kucheza. Mimi naogopa masomo yatashuka na mtoto atageuka mlevi wa gemu. Kwa sasa anacheza kwenye simu yangu, na kila nikiichukua ni vita. Naomba ushauri, ninunue au nikatae?

Jibu: Dada, nunua, lakini si mwezi huu, na isiwe mali ya mtoto. Iwe ya nyumba, ikae sebuleni, na iingie ndani baada ya vita ya simu kupungua. Mtoto ambaye hajajifunza kuacha gemu ya simu hatajifunza kwa kupewa gemu kubwa zaidi.

Hofu yako kuhusu masomo ina msingi. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililogusa hasa umri wa mwanao. Walichukua wavulana 64 wa miaka 6 hadi 9 ambao kwao hakukuwa na mashine ya gemu, ila wazazi walikuwa na mpango wa kununua. Kwa kura, nusu walipewa PlayStation 2 mara moja, na wengine wakaahidiwa ya kwao baada ya miezi minne. Miezi hiyo ilipokwisha, waliotangulia kupewa walikuwa na alama za chini zaidi katika kusoma na kuandika, na walimu wao waliripoti matatizo mengi zaidi ya masomo. Sababu iliyojitokeza ni muda. Watoto hao walikuwa wanatumia muda mfupi zaidi kwa kazi za shule wakirudi nyumbani, kwa sababu saa hizo zilikwenda kwenye gemu. Hiyo ni habari nzuri kwako kwa namna fulani, maana muda ni kitu ambacho mzazi anaweza kukilinda.

Upande wa pili upo pia. Kati ya 2020 na 2022 PlayStation 5 na Nintendo Switch ziliadimika Japani hadi maduka yakawa yanaziuza kwa bahati nasibu. Watafiti wakawalinganisha walioshinda na walioshindwa, wenye umri wa miaka 10 hadi 69, na kukuta kwamba kupata mashine kuliboresha hali ya akili na moyo. Faida hiyo ilipungua kwa waliopitisha saa tatu kwa siku. Ukisoma majaribio haya mawili kwa pamoja, swali la kujiuliza kuhusu nyumba yako ni hili: gemu itachukua nafasi ya nini? Ikichukua nafasi ya kuangalia video ovyo kwenye simu, hujapoteza kitu. Ikichukua nafasi ya kitabu, usingizi au mpira wa nje, hapo umepoteza.

Mashine ya sebuleni ni rahisi kuisimamia kuliko simu. Haitembei, haifichwi chini ya blanketi, na kila anayepita anaona kinachochezwa na kusikia kinachosemwa. (Nintendo Switch inachomoka na kubebwa mkononi, kwa hiyo ukiichagua hiyo weka sheria kwamba usiku inalala kwenye chaji, chumbani kwako.) Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali ombi la kuihamishia chumbani kwa watoto, hata kwa wiki moja ya ugeni. Ikishaingia chumbani ni vigumu kuitoa.

Kabla ya kununua, fanya majaribio ya wiki nne kwa simu hiyo hiyo. Mpe mtoto muda unaojulikana, tuseme dakika 40, siku tatu kwa wiki, baada ya kazi za shule. Kila siku andika alama moja tu: ameacha mwenyewe, ameacha baada ya kuambiwa mara mbili, au imebidi umnyang'anye. Mwambie wazi kwamba unaandika na kwa nini. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya, usikate tamaa. Kama wiki ya tatu na ya nne nyingi ni za kuacha mwenyewe au kwa kuambiwa, nyumba iko tayari. Kama bado unanyang'anya, subiri miezi mitatu na urudie, na mtoto aijue tarehe ya kurudia. Ukimwambia "labda baadaye" ataendelea kukusumbua kila siku. Ukimpa tarehe, analo la kungojea.

Sasa tuiangalie hiyo vita kwa karibu, kwa sababu wazazi wengi wanaianzisha bila kujua. Unaita kutoka jikoni "zima sasa hivi!", mtoto anajibu "nakuja", dakika kumi zinapita, unakuja umekasirika na kuchomoa waya. Kwa upande wake, alikuwa katikati ya mechi ya mtandaoni ambayo haiwezi kusimamishwa. Gemu nyingi za ushindani zikikuona umetoka katikati zinakuhesabia umeshindwa, wenzako wanabaki pungufu, na baadhi zinakufungia kucheza kwa muda. Kwenye gemu isiyo ya mtandaoni, kuchomoa waya kunaweza kufuta alichojenga tangu alipohifadhi mara ya mwisho, na umeme ukikatika wakati mashine inaandika data, faili linaweza kuharibika kabisa. Mtoto anayelia hapo hajawa mlevi. Amepoteza kazi ya saa nzima.

Kwa hiyo pima muda kwa mechi, si kwa dakika peke yake. Dakika kumi na tano kabla ya mwisho nenda mpaka alipo, simama kando yake, angalia skrini na umuulize: "Hii inaisha lini? Baada ya hii huanzishi nyingine." Akishakujibu kwa mdomo wake, makubaliano ni yake. Gemu ya mpira mechi moja mara nyingi huisha ndani ya robo saa au zaidi kidogo. Mechi ya Fortnite, gemu ya kupigana mtandaoni, inaweza kufika dakika ishirini na kitu kama mtoto hajatolewa mapema. Minecraft, gemu ya kujenga, haina mwisho kabisa, kwa hiyo hapo mwisho lazima utoke kwako, na atahitaji dakika tano za kurudi kwenye nyumba yake ya humo ndani na kuhifadhi. Ndiyo maana sishauri vipindi vya chini ya nusu saa kwa umri wake. Mashine ikishawaka na gemu ikafunguka, muda uliobaki ni wa kuanza kitu na kukatwa katikati.

Kiasi gani basi? Kwa mtoto wa miaka 9 ningeweka siku za shule bila gemu, au dakika 45 kwa siku mbili zilizochaguliwa, na mwisho wa wiki saa moja na nusu hadi mbili kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Wa miaka 13 anaweza kupata zaidi kidogo. Hesabu yenyewe ianzie kwenye usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mdogo wako akiamka saa kumi na mbili asubuhi na anahitaji saa kumi, lazima awe amelala saa mbili usiku, na mashine izimwe saa moja, kwa sababu mechi ya moto humwacha mtoto macho makavu kitandani. Toa chakula, kuoga na kazi za shule, uone kilichobaki jioni ya siku ya shule. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo sana, na mtoto akiiona hesabu hiyo kwenye karatasi hubishana kidogo kuliko akiambiwa "mama amekataa."

Nunua mwanzoni mwa likizo ndefu. Wiki mbili za kwanza kiu ni kubwa, na ni bora iishie likizoni kuliko wiki ya mitihani.

Siku ya kununua usimkabidhi mtoto boksi. Ifungue wewe na baba yake usiku watoto wakiwa wamelala, kwa sababu masasisho ya mara ya kwanza (programu mpya inazopakua mtandaoni) yanaweza kuchukua saa kadhaa, na kwa sababu mipangilio ikishawekwa na mtoto hutaimudu tena. Anza na akaunti ya mzazi kwa barua pepe yako, kisha ndani yake ongeza akaunti ya kila mtoto ukiandika tarehe ya kweli ya kuzaliwa. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi. Mtoto au binamu yake anaandika mwaka wa uongo ili gemu fulani ifunguke, mashine inamchukulia kama mtu mzima, na ulinzi wote unazimika bila wewe kujua. Kurekebisha tarehe hiyo baadaye ni usumbufu.

Kisha weka namba ya siri. Kwenye PlayStation namba ya vizuizi inayokuja na mashine ni 0000, na watoto wote wanaijua. Ibadilishe kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Hapo hapo zuia kuunda watumiaji wapya na kuingia kama mgeni, la sivyo muda wake ukiisha atajitengenezea jina jipya na kuendelea. Akaunti yako na ya baba nazo ziwe na namba ya kuingilia, kwa maana kwenye PlayStation na Xbox (mashine ya Microsoft) muda huhesabiwa kwa akaunti, na akaunti ya mzazi haina kikomo. Kwenye Nintendo Switch ya kwanza ni kinyume: muda huhesabiwa kwa mashine nzima, kwa hiyo dada akicheza mapema anamla mdogo wake muda, na ugomvi huo utakufikia wewe. Angalia pia kinachotokea muda ukiisha. PlayStation na Switch zinaweza kutoa taarifa tu na kumwacha aendelee, au kumtoa kabisa. Switch isipobadilishwa hutoa kengele tu, mpaka uwashe chaguo la kusimamisha gemu kwenye programu ya wazazi ya simuni. Ushauri wangu ni kuanza na taarifa pekee kwa mwezi mmoja, ukisimamia kwa mdomo, na kuwasha kukatwa endapo mdomo haukutosha.

Fedha ni eneo ambalo naomba uwe mkali bila kuona haya. Usiache kadi ya benki imehifadhiwa kwenye mashine. Mnunulie kadi ya salio ya kukwangua au kulipia mapema, kiasi kikiisha kimeisha, na weka kikomo cha matumizi ya akaunti ya mtoto kiwe sifuri, ili kila ununuzi upitie kwako. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwani tume ilidai kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya mwenye kadi. Sehemu iliyobaki ilihusu faragha ya watoto, ikiwemo mazungumzo ya sauti na maandishi na watu wasiowajua, ambayo yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo.

Zipo pia gemu zinazouza pakiti za bahati. Mtoto analipa bila kujua atapata nini ndani. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba pakiti za aina hiyo zinaingia kwenye sheria ya kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo sarafu za kununulia pakiti za gemu yake ya mpira. Gemu hiyo hiyo ya mpira imekuwa ikipewa alama ya umri wa miaka 3 kwenye mfumo wa Ulaya uitwao PEGI. Namba ya PEGI, ambayo ni 3, 7, 12, 16 au 18, inakuambia kuhusu damu, matusi, vitisho na mambo ya ngono. Haikuambii kama gemu ni ngumu, na haikuahidi kwamba mtoto hatatamani kununua au hatakutana na wageni. Soma namba, halafu soma maneno madogo ya nyuma ya boksi kuhusu ununuzi ndani ya gemu. Kwenye boksi za Marekani mfumo ni ESRB: E ni ya wote, E10+ ni kuanzia miaka 10, T ni vijana kuanzia 13, na M ni kuanzia 17. Grand Theft Auto V, ambayo watoto wa shule ya msingi huitaja kama gemu ya magari tu, ni 18 kwa PEGI na M kwa ESRB. Hapo hapana ni hapana, hata kama darasa zima linaicheza.

Kuhusu wageni, zuia mazungumzo ya sauti yabaki kwa marafiki tu, na rafiki awe mtu ambaye mtoto amewahi kukutana naye ana kwa ana na wewe unamjua kwa jina. Kwa miezi ya kwanza sauti itoke kwenye TV, si kwenye hedifoni, ili uzisikie pande zote mbili. Mfundishe alama moja ya hatari na uirudie mpaka aikariri: mtu wa kwenye gemu akisema "tuhamie programu nyingine tuongee" au akitoa zawadi za humo ndani bila sababu, mtoto aje kukuambia siku hiyo hiyo, na hatapoteza gemu kwa kukuambia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Mtoto anayejua kwamba akisema atafungiwa mashine, hasemi.

Binti yako wa miaka 13 usimsahau kwa sababu hakuomba. Nunua padi (vidhibiti vya kuchezea) mbili tangu mwanzo na gemu moja angalau ambayo wawili wanacheza upande mmoja wa kochi. Tatizo litakalojitokeza ni kwamba gemu yenye alama ya 12, inayomfaa yeye, mdogo ataiangalia hata kama hachezi. Gemu za aina hiyo zipewe saa ambayo mdogo hayupo sebuleni, au zisubiri.

Ulevi wa gemu upo kitaalamu, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kinachotazamwa ni mambo matatu kwa pamoja: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulizwa mbele ya kila kitu, na anaendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kulia mashine ikizimwa hakumo. Dalili za kukushtua mapema ni nyingine: anaamka usiku kucheza kwa siri, ameacha michezo na marafiki aliowapenda, anadanganya kuhusu muda, anaiba fedha za kununulia vitu vya gemu. Ukiziona, kabla ya kutoa mashine tafuta anachokikimbia. Mara nyingi yupo mtoto anayemwonea shuleni, au somo alilokwama, na gemu ndiyo sehemu pekee anayojiona anaweza. Zungumza na mwalimu wake wiki hiyo, na hali isipobadilika mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Yapo mazingira ambayo ningekuambia usinunue kabisa kwa sasa. Moja ni kama hakuna mtu mzima nyumbani kuanzia watoto wanaporudi shuleni mpaka usiku. Jingine ni mtoto aliyewahi kupata kifafa: muone daktari kwanza, kwani mwanga unaomulika haraka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu. Na kama kusoma kwenyewe bado kunamshinda, ile likizo itumieni kwenye vitabu kwanza.

Mkiamua kununua, jueni bei ya mashine si bei ya kucheza. Kuna padi ya pili, gemu zenyewe, na ada ya mwezi au mwaka ya kucheza gemu nyingi mtandaoni. Mashine isiyo na sehemu ya diski huonekana nafuu, ila gemu zote utazinunua kwenye duka moja la mtandaoni, hutaweza kuazima, kuuza wala kununua iliyotumika. Nafasi nayo huisha haraka: PlayStation 5 ya mwanzo ya GB 825 hubakiza kama GB 667 za kutumia, Xbox Series S ya GB 512 hubakiza kama 364, na gemu moja kubwa inaweza kupita GB 100. Ukinunua iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji. Sukuma vijiti vya padi kisha uviachie, mchezaji wa kwenye skrini akiendelea kutembea peke yake, vijiti vimechoka. Tikisa kidogo waya wa HDMI, ule unaokwenda kwenye TV, uone kama picha inakatika, weka diski uone inasomwa, na uiunganishe na intaneti, kwa sababu mashine iliyofungiwa na kampuni inaweza kuwaka vizuri tu bila kuingia mtandaoni. Nyumbani iachie nafasi ya kama sentimita 10 pande zote ipumue, na kama umeme wenu unapanda na kushuka weka stabilaiza.

La mwisho ni baba yao. Amesema angependa kucheza, na hilo ni jambo jema. Mzazi anayecheza na mtoto anajua mechi inaisha lini, na anajua nani yuko upande wa pili. Ila gemu zake za 18 zichezwe watoto wakishalala, diski zikae mahali pa juu, na akaunti yake iwe na namba ambayo watoto hawaijui. Kabla ya kununua kaeni wawili muandike namba zile zile kwenye karatasi moja: siku gani, saa ngapi, mashine inazimwa lini, nani anashika namba ya siri. Mtoto akija kwako amekataliwa na baba, mpe jibu lililoandikwa pale, na baba afanye vivyo hivyo.